Haki ya Mbwa Safarini

Mtu aendaye nyikani na mbwa alikuwa na jina moja tu zamani, nalo ni mwindaji. Aliyeonekana alfajiri akipita kando ya mashamba, mbwa wawili mbele na mkuki begani, hakuulizwa aendako. Siku hizi imezuka desturi nyingine. Watu hufunga safari za miguu, mkoba mgongoni, chupa ya maji kiunoni na kamera shingoni, wakapanda vilima na kupenya vichaka si kwa kuwinda wala kuchuma, bali kwa kutazama na kupiga picha. Na baadhi yao huandamana na mbwa. Katika picha hizo mbwa aghalabu huonekana amesimama juu ya jiwe, kisogo kwa mtazamaji, uso kwenye upeo wa macho, kana kwamba naye anaihesabu milima. Picha kama hizo hupendwa sana. Ni nadra kuulizwa mbwa yule anamdai nini mtu aliyemleta pale.

Mahali pafaapo kulitazama swali hili ni Mazingara, katika Wilaya ya Handeni, na nchi iliyo baina yake na Korogwe. Jina lenyewe hutia tabasamu, maana katika kamusi mazingara ni kiinimacho, hila ya kuyageuza macho ya watazamaji. Asili ya jina la mahali yaweza kuwa nyingine kabisa, lakini mpiga picha apitaye huko hatapotewa na kitu akilikumbuka neno hilo. Ni nchi ya migunga, mikwaju na mibuyu, ya mvua za vuli na masika ambazo mara nyingi huja pungufu. Kaskazini mto Pangani hupita Korogwe, na nyuma yake Usambara husimama kama ukuta. Magharibi ni milima ya Nguu. Nguu na Usambara ni miisho miwili ya safari ya mtu ambaye yumkini ndiye mashuhuri kuliko wote waliopata kutembea na mbwa katika sehemu hizi.

Mtu huyo ni Mbega. Habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia Wakilindi kwa miaka mingi, katika kitabu Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa mafungu matatu kati ya mwaka 1895 na 1907, kikatolewa tena na J. W. T. Allen mwaka 1962. Mbega alizaliwa Nguu, yapata karne ya 18. Alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na jamaa zake wakamnyima urithi kwa sababu hiyo. Aliondoka na silaha zake na mbwa wake. Akakaa Kilindi, akapendwa, mpaka mtoto wa mkubwa wa nchi alipouawa na nguruwe katika mawindo waliyokwenda pamoja. Akakimbia tena, akaingia Usambara, akawinda nguruwe walioharibu mashamba, akawapa watu nyama naye akapewa vyakula vya shamba, na mwisho wakamtawaza Vugha. Ukoo aliouanzisha ulitawala Usambara kwa vizazi vingi.

Yastahili kuangaliwa jinsi mbwa walivyohesabiwa katika habari hiyo. Hawakutajwa kama vyombo, pamoja na mikuki na nyavu, kisha wakasahauliwa. Mmoja wao ana jina, Chamfumu, na jina hilo limehifadhiwa ilhali majina ya watu wengi walioila nyama aliyosaidia kuikamata yamepotea. Wala si vigumu kuona kwa nini. Mtu aliyekataliwa na watu wa damu yake kwa ajili ya meno hakupata kukataliwa na mbwa kwa ajili hiyo.

Baina ya Mbega na mbwa wake palikuwa na mapatano, ijapokuwa hayakutamkwa. Mbwa alitoa pua, miguu na ujasiri. Mtu alitoa mkuki, moto na fungu la nyama. Hatari ilikuwa ya wote wawili, kwa kuwa nguruwe aliyejeruhiwa hachagui baina ya mguu wa mtu na ubavu wa mbwa. Yalikuwa mapatano makali, na si insafu kuyapamba: mbwa aliyezeeka asiweze kukimbia hakuwa na kiinua mgongo. Walakini yalikuwa na sifa moja ambayo haionekani upesi. Mtu na mbwa walitafuta kitu kimoja. Nguruwe alipoanguka, wote wawili walijua kuwa safari imefika mwisho wake, na furaha ya mmoja ilikuwa furaha ya mwingine bila ya mkalimani.

Mtembezi wa leo hatafuti nyama, anatafuta mandhari. Neno hili lina asili moja na nadhari, nalo ni jambo la macho. Kwa mbwa hakuna mandhari. Macho yake hupambanua buluu na manjano, lakini wekundu na kijani humchanganyikia. Kwa hiyo ule wekundu wa jua likichwa nyuma ya Nguu, ambao mtembezi ameusubiri saa nzima, haumo kabisa katika dunia ya mwandani wake. Mbwa naye ana utajiri wake. Pale alipopita ngiri alfajiri, pale fisi alipotia alama yake kwenye jani la nyasi, pale mchungaji alipokaa jana akala kiporo chake, yote yameandikwa chini kwa herufi ambazo hapana kamera iwezayo kuzinakili. Mtu huiona nchi kama ilivyo saa hiyo. Mbwa huipata pamoja na jana yake, na pengine pamoja na juzi. Wawili hawa wamesimama juu ya jiwe moja, wala hawako katika nchi moja.

Husemwa kuwa mbwa wa mtembezi ana hali bora kuliko mbwa wa Mbega. Hulishwa bila ya kukamata, hutibiwa akiugua, hulala penye paa, na hatumwi kukabili pembe za nguruwe. Kwa upande wa mwili ni kweli tupu. Lakini mbwa huyu amevuliwa kazi yake pasipo kuvuliwa tabia yake. Anapitishwa katika nchi inayoiita pua yake kutoka kila upande, naye amefungwa kamba. Akisikia paa amekurupuka kichakani, mkono humvuta nyuma. Si vibaya avutwe, maana paa naye ana haki ya kutofukuzwa kwa mchezo. Hata hivyo lazima ikubaliwe kuwa raha ya mtembezi hulipiwa, na sehemu ya malipo hutoka kwa asiyeulizwa.

Hapo wapo wasemao kwamba asiyeweza kuulizwa hawezi kudai. Katika wanafalsafa wakubwa, aliyewakaribia sana ni Immanuel Kant wa Ujerumani, katika karne hiyohiyo ya Mbega. Alifundisha kuwa mtu hana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Lakini amuuaye mbwa aliyemtumikia kwa uaminifu, kwa kuwa hafai tena, huudhuru utu ulio ndani yake mwenyewe, na mwenye kuzoea ukatili kwa wanyama huufikisha kwa watu. Fundisho hili limewazuia wengi wasitende maovu, na kwa hiyo halifai kubezwa. Lakini linamgeuza mbwa kuwa kioo cha mtu kujitazamia. Mbwa mwenye kiu katika Mazingara, saa saba mchana, mwezi wa Januari, hana kiu kwa ajili ya kulea utu wa mtu yeyote. Ana kiu. Wajibu wa kumpa maji hauzunguki kupitia utu wa mwenye chupa ndipo umfikie. Unatoka katika ulimi wake uliotoka nje.

Watu wa pwani na wa Uzigua hawakuhitaji kungoja wanafalsafa wa Ulaya ili kulijua jambo hili. Wengi wao wamekua wakisikia hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyeteremka kisimani akanywa, akatoka akamkuta mbwa anahema na kuramba udongo kwa kiu. Akateremka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno ili mikono iwe huru kupanda, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Kitu chema katika hadithi hiyo ni kuwa yule mtu hakujiuliza habari za tabia yake. Aliijua kiu kwa kuwa alitoka nayo sasa hivi. Aliishika hali ya mbwa kwa upande ule ambao mbwa na mtu hawatofautiani.

Na hadithi hiyo ilisimuliwa katika dini ileile ambayo madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wageni huona hapo mgongano. Hapana mgongano. Kumwepuka mnyama kwa ajili ya tohara ni jambo moja, na kumwacha afe kwa kiu ni jingine. Katika sura ya Al-Kahf vijana waliokimbilia pangoni wana mbwa wao kizingitini, amenyosha miguu ya mbele, na watu wanaposhindana juu ya idadi ya vijana hao, mbwa huhesabiwa pamoja nao kila mara. Mtembezi afikaye kijijini kuomba maji na mahali pa kulala yampasa kulijua hili kwa pande zake zote mbili. Mbwa wake asitie mdomo katika mtungi wa watu, asiruhusiwe kumrukia mtoto ambaye amefundishwa kumkimbia, na asiingizwe ua wenye mbuzi. Apendaye mbwa mara nyingi hudhani kuwa mapenzi yake ni ya watu wote. Na hilo ni kosa la adabu kabla ya kuwa kosa jingine lolote.

Mbwa humlipa mtembezi huyo fadhila moja kubwa ambayo haikuombwa: humwondolea uongo. Mpiga picha wa nyika hupenda mahali patupu. Husogeza kamera kidogo ili nguzo ya umeme isionekane, husubiri ng'ombe wapite, hukata pembeni paa la bati. Picha ikitoka, nchi huonekana haijapata kukanyagwa tangu kuumbwa. Hiyo ndiyo mazingara yenyewe. Mbwa hakubali kiinimacho. Katikati ya ule utupu masikio yake husimama, naye hubweka. Na dakika tano baadaye hutokea kichakani mchungaji na ng'ombe thelathini, au mama mwenye mzigo wa kuni. Nyika ilikuwa na watu siku zote.

Tena si watu wa leo tu. James Giblin, mwanahistoria aliyetoa kitabu juu ya nchi hii mwaka 1992, ameonyesha kuwa vichaka vya Uzigua si vya kale kama vinavyoonekana. Karne ya 19 wenyeji waliishi kwa namna iliyozuia pori lisiwakaribie: walilima, walichoma, walifuga, walikaa kwa mpango uliowatenga mbung'o na mifugo. Zilipokuja njaa za miaka ya 1890, pamoja na maradhi ya ng'ombe na utawala wa kigeni uliovunja mipango yao, watu walipungua na kutawanyika, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nalo. Mtu akipiga picha ya kichaka kinachosonga hadi upeo wa macho na kuiita nchi isiyoguswa, huenda amepiga picha ya kaburi la mashamba. Na mambo ya kuhama na kuhamishwa hayakwisha katika karne ile. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikizihamishia Msomera, humuhumu Handeni, familia za wafugaji kutoka Ngorongoro, mahali palipopigwa picha kuliko karibu pote pengine katika Tanzania. Na wenye kulishangilia jambo hilo na wenye kulilaani wamebishana sana. Hapa yatosha kusema kuwa picha ya nyika isiyo na mtu si kitu kisicho na uzito. Yaweza kumfanya mtazamaji wa mbali aone kuwa mtu ndiye aliyezidi.

Kamera ina historia yake na wanyama katika sehemu hizi, na yafaa kukumbushwa kwa kuwa bei ya picha ilionekana wazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nyika ya Wamasai na nchi za mto Pangani, akawapiga picha wanyama usiku kwa mwako wa unga wa magnesiamu, akazitoa katika kitabu mwaka 1905. Watu wa Ulaya walistaajabu, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kuwa wanyama wa Afrika wasimalizwe. Lakini simba hakuja mbele ya kamera kwa adabu. Alifungwa punda hai, au ng'ombe, simba akamrukia, na mwanga ukawaka. Atazamaye picha hizo humtazama simba. Ni wachache wamtazamao punda.

Mbwa juu ya jiwe si punda wa Schillings. Anapendwa, na aghalabu anarudi nyumbani. Lakini kuna hatari zinazomhusu yeye ambazo mwenye kamera huzisahau kwa sababu hazimhusu sana yeye mwenyewe. Chui humpenda mbwa kuliko nyama nyingi. Mamba humngoja kwenye kivuko anapoinama kunywa. Mbung'o humtia nagana, na mbwa aliyepatwa nayo huweza kukonda, macho yakafunga ukungu mweupe, akafa akiwa kipofu; ugonjwa huo haumtokei siku ya picha, humtokea wiki kadhaa baadaye, wakati picha imekwisha sifiwa. Na hatari haziji upande mmoja. Mwaka 1994 maradhi ya distempa, yaliyohusishwa na mbwa wafugwao vijijini kandokando ya Serengeti, yaliua simba wapatao 1,000, yapata theluthi moja ya wote waliokuwako. Mbwa mwitu, ambao Mkomazi, upande wa pili wa Usambara, wamehifadhiwa na kuzalishwa kwa taabu nyingi, huweza kuangamizwa na maradhi hayohayo na kichaa cha mbwa. Ndiyo sababu mbwa wa kufugwa hakaribishwi katika hifadhi za taifa. Asiyemchanja mbwa wake kisha akampeleka porini kwa kuyapenda mapori, mapenzi yake hayana macho.

Baada ya hayo yote yawezekana mtu kusema kwamba ni afadhali mbwa abaki nyumbani. Kwa mahali pengi ni kweli, wala hapana haja ya kubishana. Walakini lingekuwa jambo la huzuni kama hukumu hiyo ingekuwa ya mahali pote, maana mbwa aliyefungwa uani mwaka mzima amenyimwa mengi kuliko aliyepelekwa Mazingara kwa kamba. Pale ambapo kwenda kunaruhusiwa, linabaki swali la namna ya kwenda. Na jibu lake linapatikana katika lile jambo ambalo mpiga picha amelizoea kuliko watu wote, yaani kungoja.

Mpiga picha hungoja. Hungoja wingu lipite, hungoja kivuli kirefuke, hungoja upepo utue majanini. Muda huo wote mbwa hukaa miguuni pake, akingoja kitu asichoweza kukiona na ambacho hata kikija hatajua kuwa kimekuja. Huko ni kutoa kwingi. Mbwa wa Mbega alingoja nguruwe, naye alimjua nguruwe. Huyu hungoja wekundu usiokuwako. Basi mapatano ya zamani, yaliyosimama juu ya kutafuta kitu kimoja, hayawezi kurudi baina ya hawa wawili. Mapatano mapya yanaweza kusimama juu ya kungojana tu. Mbwa akisimama kwenye jani moja la nyasi akalinusa mpaka mtu achoke, mtu naye asimame, asivute kamba. Kwa kuwa hapo kuna jambo, ijapokuwa kwake yeye ni jani. Akichagua kivuli, safari ipumzike. Akikataa kuingia kichaka fulani, manyoya ya mgongo yamesimama, asiitwe mwoga. Watu wanaomchukua mbwa kama kipimo cha ukubwa wa jiwe katika picha hawawezi kufanya hivi, kwa sababu kipimo hakina haja. Wanaofanya hivi hurudi na picha chache.

Na afikiriwe mtembezi mmoja wa namna hii, mwezi wa Januari, amepanda kilima upande wa Mazingara tangu asubuhi. Chupa mbili zimekwisha, ya tatu imebaki nusu. Mwanga mzuri utakuja saa kumi na moja na nusu, naye anajua jiwe atakalosimama. Sasa ni saa tisa, na mbwa, ambaye asubuhi alitangulia, kwa nusu saa amekuwa nyuma, anatembea upande upande akitafuta kivuli cha migunga isiyokuwa na majani. Mtembezi huvua kofia, huikunja ikawa bakuli, humimina maji yote yaliyobaki. Mbwa hunywa, hulamba kitambaa, hulala. Wanakaa hapo mpaka pumzi zake zitulie, kisha wanateremka polepole kuelekea barabarani, kamera mkobani. Na nyuma yao, bila ya mtu wa kuliangalia, jua linaanza kushuka juu ya Nguu.